Saspensheni ya mbele ya hotirodi isiyo na madigadi: anza na usukani, si ekseli

Gari lenye madigadi lina pa kufichia kasoro zake. Hotirodi ya jadi, yaani gari la zamani lililovuliwa vitu na kurekebishwa kwa ajili ya mbio, haina. Ukisimama mbele yake unaiona ekseli yote, springi, mikono inayoishika, nati na spilitipini zake, hadi ule mshono wa welding ambao fundi alidhani hautaonekana. Ndiyo maana wengi huchagua kwa macho: ekseli hii imeshushwa vizuri, ile imetobolewa matundu, nyingine inang'aa kromu. Wakishanunua ekseli wanatafuta mikono inayopendeza, na mwisho kabisa wanahangaika na mahali pa kufunga boksi la usukani. Mpangilio huo umezaa magari mengi yanayovuta upande, yanayotetemeka yakifika kilomita 70 kwa saa, au yanayojigeuza yenyewe yakikanyaga tuta.

Hapa tunakwenda kinyume: usukani kwanza, kisha mikono, halafu ekseli, springi mwisho. Vitu hivi havichaguliwi kimoja kimoja. Kila kimoja huchora tao lake ekseli inapopanda na kushuka, na matao yasipopatana, lazima kitu kijipinde, kivutike au kikatike.

Tunazungumzia Ford za 1928 hadi 1934 zilizovuliwa madigadi na bampa kwa mtindo wa kusini mwa California, ambako vijana walikimbiza magari kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Madigadi yalitolewa ili kupunguza uzito na upepo. Urembo ulikuja baadaye. Kama umezoea malori, nusu ya somo unalijua tayari: ni ekseli nzima yenye kingpini, ile pini ambayo gurudumu hugeukia, kila ncha. Tofauti ni springi. Lori lina springi mbili za pleti zinazofuata urefu wa chesisi. Ford hizi zina moja tu, imelala mkingamo, katikati imefungwa kwenye krosimemba, boriti inayounganisha reli mbili za chesisi, na ncha zake zimeshikwa kwenye ekseli kwa shakeli, vile viungo vifupi vinavyobembea. Henry Ford aliing'ang'ania springi hiyo tangu Model T ya 1908 hadi magari ya 1948. Ya 1949 ndiyo yaliyokuja na saspensheni huru mbele.

Na saspensheni huru je? Ile ya Ford Mustang II ya 1974 hadi 1978 imefungwa kwenye hotirodi nyingi na hutembea vizuri. Chini ya madigadi haina tatizo. Bila madigadi unabaki na mikono mipana, springi za koili na krosimemba nene mbele ya radieta nyembamba ya 1932, na gari linaonekana kama limeazima miguu ya jirani. Anayetaka starehe hiyo ni bora arudishe madigadi.

Kabla ya kununua chochote

Simamisha gari kwanza. Panga chesisi juu ya stendi katika kimo unachotaka, weka injini au walau gamba lake, radieta na bodi, kisha weka matairi halisi utakayotumia. Mtindo wa jadi ni membamba mbele na manene nyuma: kwa mfano 5.60-15 au 4.50-16 mbele, 7.50-16 nyuma. Ukifanya hesabu kwa matairi ya kuazima, kimo chote kitabadilika siku ukifunga yenyewe.

Sasa pima vitu vitatu. Cha kwanza ni umbali wa wima kutoka katikati ya habu hadi chini ya reli ya chesisi, kwa sababu huo ndio utakaokuambia ekseli ishushwe kiasi gani. Ekseli iliyoshushwa inchi 4 inateremsha gari milimita 100 bila kugusa safari ya springi, yaani nafasi yake ya kupanda na kushuka. Pleti kuu ya springi iliyogeuzwa macho, zile pete za ncha zake, inaongeza kama milimita 25. Njia ya tatu, kupunguza pleti hadi gari lilale, inaonekana rahisi lakini inakula safari ya springi: gari linashuka na pia linaanza kugonga.

Cha pili ni nafasi kati ya ekseli na kitu chochote kilicho juu yake. Acha angalau milimita 75 gari likiwa na uzito wote, na ufunge mpira wa kuzuia mgongano. Tuta la barabarani halijali kwamba gari lako ni la maonyesho.

Cha tatu husahauliwa. Vuta uzi kutoka ukingo wa chini wa rimu ya upande mmoja hadi pale tairi la upande wa pili linapogusa ardhi, kisha rudia kinyume chake. Kitu chochote cha chesisi, usukani au breki kisiteremke chini ya nyuzi hizo. Tairi likipasuka, rimu ndiyo iguse lami, si tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele) wala boksi la usukani.

Usukani: uamuzi unaoamua mengine yote

Kwenye usukani wa pembeni, boksi limefungwa kwenye reli ya upande wa dereva, mkono wa pitmani unaotoka kwenye boksi unakwenda mbele na nyuma, na dragilinki, fimbo inayopeleka mwendo huo, inafuata reli hadi kwenye spindeli, kipande kinachobeba gurudumu, ya upande uleule. Ford za 1932 hadi 1934 zilitoka kiwandani hivyo. Boksi linalopendwa na wengi kwa kazi hii ni la pikapu ya Ford F-1 ya 1948 hadi 1952, kwa sababu ni laini na imara kuliko yale ya zamani zaidi. Kwa macho ya mtu wa jadi, dragilinki ndefu inayopita pembeni ya gari lisilo na madigadi ndiyo sura yenyewe.

Kwenye usukani wa kukingama, boksi linakaa mbele karibu na krosimemba na dragilinki inavuka gari hadi spindeli ya upande wa pili. Boksi la Chevrolet Vega, gari la miaka ya 1971 hadi 1977, ndilo lililozoeleka. Ni dogo, halisumbui egzosi ya V8 ya kisasa, na kwa injini yenye mabomba mapana upande wa dereva mara nyingi ndilo pekee litakaloingia. Kwa gari la usukani wa kulia, kama yalivyo ya Kenya, Tanzania na Uingereza, kila kitu kinageuzwa upande. Usidhani kwamba boksi la upande wa kushoto unaweza kulipindua tu: zungusha usukani mezani kwanza uone pitmani inaelekea wapi. Kuna mipangilio inayogeuza gari kushoto ukikata kulia.

Kila njia ina sharti lake. Kwenye usukani wa pembeni, boli ya pitmani (kiungo cha tufe kwenye ncha yake) inatakiwa kuwa karibu na kiungo cha nyuma cha mkono unaoishika ekseli. Mkono ukizunguka kwenye kiungo chake na dragilinki ikizunguka kwenye boli ya pitmani, vituo hivyo viwili vikiwa jirani, ncha zao za mbele zitapanda kwa tao moja. Vikiachana, dragilinki itasukuma au kuvuta spindeli kila tairi linapopanda. Usukani umeushika umenyooka, lakini gari linakata kona.

Kwenye usukani wa kukingama adui ni mwendo wa upande. Springi iliyolala mkingamo inaning'inia kwenye shakeli, kwa hiyo chesisi inaweza kusogea kushoto na kulia juu ya ekseli. Dragilinki inayovuka gari inausoma msogeo huo kama amri ya usukani. Hapa fimbo ya Panhard ni ya lazima: ncha moja kwenye chesisi upande wa boksi, nyingine kwenye ekseli upande wa pili, iwe sambamba na dragilinki na karibu urefu uleule. Umeiona mbele ya Land Rover Defender. Kazi yake ni hiyohiyo. Fimbo fupi ya sentimita 40 iliyobandikwa popote penye nafasi ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana inachora tao kali na kuivuta ekseli upande kila inapopanda.

Usukani wa pembeni unaweza kuishi bila Panhard kama shakeli zimekaa kwa pembe sahihi, kwa sababu dragilinki inakwenda mbele na nyuma na haijali sana msogeo wa upande.

Mikono: kinachoishika ekseli

Ford ilitumia wishboni: uma mkubwa wa pembetatu, ncha mbili zimefungwa kwenye ekseli na mkia mmoja unaishia kwenye boli chini ya giaboksi. Ni ubunifu wa akili. Kwa kuwa kituo cha nyuma ni kimoja, ekseli inaweza kuinama upande wowote bila kujipinda hata kidogo. Injini na giaboksi zako zikiiruhusu, iache kama ilivyo.

Shida ni kwamba sampu (bakuli la oili chini ya injini) kubwa, giaboksi ya kisasa au egzosi huchukua nafasi ya ile boli. Ndipo watu walipoanza kuipasua: wishboni inakatwa katikati na kila nusu inafungwa kwenye reli ya upande wake. Heapini, mikono miwili miembamba inayokutana nyuma kama pini ya nywele, ilitoka kwenye magari ya mashindano na inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: kila upande umekazwa kwenye ekseli na una kiungo kimoja tu kwenye chesisi.

Tazama kinachotokea tairi moja likipanda tuta. Chukua gari lenye mita 1.42 kati ya matairi na sentimita 93 kati ya pachi, yaani vile vishikio vya springi kwenye ekseli. Tairi la kushoto likipanda milimita 75 na la kulia likibaki chini, pachi ya kushoto inapanda kama milimita 50 kuliko ya kulia. Mkono wa mita 1 ukipanda milimita 50 umezunguka karibu digrii 3. Kwa kuwa mkono umekazwa kwenye ekseli, upande wa kushoto wa ekseli nao unalazimika kuzunguka digrii 3 ambazo upande wa kulia haukuzunguka. Ekseli imekamuliwa kama kitambaa cha kupigia deki.

Ekseli ya chuma yenye umbo la I hukubali kukamuliwa namna hiyo. Umbo hilo ni imara kwa kubeba mzigo wa wima lakini ni legevu kwa kupindwa kimzunguko, na ndiyo maana magari yenye wishboni iliyopasuliwa yametembea miongo mingi. Ekseli ya bomba ni kinyume chake. Bomba ndilo umbo linalokataa kupindwa kuliko yote. Shafti ya kardani imeundwa kwa bomba kwa sababu hiyohiyo. Ukiiunga na wishboni iliyopasuliwa au heapini, ekseli inageuka kuwa stabilaiza nene mno, na mkazo wote unahamia kwenye pachi, mishono na viungo vya mikono. Kitakachokatika kwanza ni kile dhaifu zaidi, na huwezi kujua ni kipi hadi kikatike. Kuna anayejibu kwamba mikono ya Defender nayo imeshikwa pande mbili kwenye ekseli isiyojipinda. Ni kweli, lakini ile ina bushi nene za mpira zinazotoa nafasi. Heapini yenye viungo vya chuma haina bushi ya kuiombea msamaha.

Kwa ekseli ya bomba tumia mikono minne: miwili kila upande, sambamba na yenye urefu sawa, mmoja juu na mmoja chini, na bushi za uretheni au mpira kila ncha. Pete & Jake's, duka lililoanzishwa California mwaka 1974, ndilo lililoisambaza sana. Ekseli inapopanda inabaki wima, kasta, yaani mwinamo wa kingpini kuelekea nyuma, haibadiliki, na hakuna kinachokamuliwa. Ukiitumia na usukani wa pembeni, dragilinki iwe sambamba na mikono hiyo na karibu urefu wake. Kwa jicho la jadi, mikono minne ni ya miaka ya 1970, na pembeni ya gari lisilo na madigadi inajionyesha. Basi mlinganyo ni huu: umbo la I huenda na wishboni nzima, iliyopasuliwa, heapini au mikono minne, bomba huenda na wishboni nzima au mikono minne peke yake.

Ekseli yenyewe

Ekseli za I za Model A na za 1932 zinafaa zote, ya 1932 ikiwa nzito zaidi. Bomba la jadi halisi ni lile la Ford za V8-60 za 1937 hadi 1940. Ekseli ya zamani iliyoshushwa ilipatikana kwa kupasha ncha zake moto na kuzivuta. Ed Stewart wa San Diego alijijengea jina kwa kazi hiyo. Chuma kikivutwa hukonda, kwa hiyo ukinunua ya mitumba pima kwa kalipa pale kinapopinda, ulinganishe kushoto na kulia. Tofauti ya zaidi ya milimita 2 inatosha kukufanya uulize maswali.

Kagua pia tundu la kingpini. Ingiza kingpini mpya kwa mkono: ikiingia yenyewe na kuyumba, tundu limelika, na kulijaza kwa welding si tiba bali ni kupanga ajali. Pitisha rangi ya kupima nyufa kuzunguka tundu la pachi na pale ekseli inapopinda. Mchoro mwembamba kama unywele ukirudi mara mbili baada ya kufutwa, ekseli hiyo ni ya kutundika ukutani.

Matundu yanayotobolewa kwenye ukuta wa kati wa umbo la I yaachwe katikati ya ekseli tu, mbali na pachi na kingpini. Yasiguse mbavu za juu na chini, maana hizo ndizo zinazobeba gari. Kromu nayo ina sumu yake: haidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu wakati wa kupakwa na kukifanya kivunjike kama kigae. Sehemu za usukani na saspensheni zilizopakwa kromu zinatakiwa kuokwa mara baada ya kutoka kwenye tangi, kwa takriban nyuzi 190 za Selsiasi kwa saa kadhaa. Mpakaji asiyejua unazungumzia nini mpelekee bampa, si pitmani.

Upana wa ekseli mpya huuzwa kwa kipimo cha kingpini hadi kingpini, mara nyingi inchi 46, 47 au 48. Amua breki kwanza. Breki za dramu za Ford za 1939 hadi 1948, miaka ya kwanza ya hadroliki kwa Ford, zinapendeza bila madigadi na zinatosha kwa gari jepesi. Breki za diski husukuma rimu nje, kwa hiyo watu hununua ekseli nyembamba zaidi ili tairi lirudi ndani.

Jambo dogo linalokwamisha kazi wiki nzima: unene wa tundu la pachi haulingani kwa ekseli zote, na domo la wishboni limetengenezwa kwa unene mmoja. Pima vyote kabla ya kulipa. Pengo la milimita 6 halijazwi kwa washa na matumaini.

Springi iko wapi

Springi juu ya ekseli ndiyo mpangilio wa Model T, Model A na Ford za 1932. Springi inasukuma krosimemba kwenda juu, mishono inabanwa badala ya kuvutwa, na hakuna cha kubuni. Kasoro yake ni kimo: gari haliwezi kulala sana kwa sababu ekseli, springi na krosimemba vimepangana.

Springi nyuma ya ekseli inapatikana kwa pachi zilizo kwenye mikono au kwenye mabano ya nyuma. Ekseli inasogea mbele, umbali wa ekseli hadi ekseli unaongezeka kutoka inchi 106 za 1932 au inchi 103.5 za Model A, na pua ya gari inashuka. Hakikisha springi haigusi radieta wala puli ya mbele ya injini.

Ya tatu inaitwa ya kujiua, na jina hilo halikutolewa kwa mzaha. Krosimemba inaishia nyuma, na springi inashikwa na bano linalochomoza mbele ya chesisi. Bano likikatika, pua inaanguka lami. Fanya hesabu: mbele ikiwa na kilo 400, springi inasukuma bano kwa karibu kilonyutoni 4. Chukulia shimo la barabarani linazidisha mara 3, ni karibu 12. Bano likichomoza sentimita 15, mshono unapokea kilonyutoni-mita 1.8 za kupinda, tena na tena, kila siku. Kwa hiyo weka pleti ya milimita 6 kwa uchache, ipite juu na chini ya krosimemba na isibandikwe usoni tu. Weka pembetatu za kuimarisha pande zote mbili. Mshono uzunguke kikamilifu na uingie ndani ya chuma. Kata sampuli ya mshono wako kwenye vipande vya majaribio kabla ya kugusa gari. Ukiona mstari wa kutoshikana katikati, ongeza joto au muite mchomeleaji mwingine. Mpangilio huu unafaa gari jepesi la Model T lenye injini ndogo. Kwa gari zito hatuoni sababu.

Kuunganisha

Funga krosimemba ukiwa na pimamaji na kipima digrii, chesisi ikiwa kwenye kimo chake cha mwisho, si ikiwa mlalo sawasawa. Gari linaloinama mbele digrii 2 hula digrii 2 za kasta, na wengi huligundua hilo wakati mshono umeshapoa.

Springi ifungwe katikati kwa yubolti au kofia ya kukaza. Bolti ndogo ya katikati inapanga pleti tu, haibebi mzigo. Ncha za kila pleti zipigwe msasa ziwe duara, na katikati ya pleti weka ukanda mwembamba wa plastiki ngumu au grisi. Usikaze shakeli bado.

Pandisha ekseli kwa jeki huku springi ikiwa imetolewa, ukitumia fimbo za muda kuishika. Hapa ndipo usukani unapimwa. Funga ubao ulionyooka kwenye habu ya kushoto, usukani ufungwe kwa kamba usigeuke, kisha pandisha na kushusha ekseli milimita 50 kila upande. Weka alama ya ncha ya ubao kwenye kadibodi iliyosimama. Ncha iliyo sentimita 30 mbele ya habu ikisogea zaidi ya milimita 3 kushoto au kulia, rekebisha kimo cha boli ya pitmani au ya Panhard kabla ya kuchomelea mabano moja kwa moja. Kazi hiyo inachukua saa moja wakati bano limeshikwa kwa nukta nne za welding, na siku tatu baada ya rangi.

Rudisha springi na uzito wote: injini, maji, betri, hata mtu kwenye kiti. Sasa tazama shakeli. Zikae kama digrii 45. Springi ndefu mno huzisimamisha wima, na gari litaelea upande na kutetemeka. Springi fupi huzilaza, na springi inafungwa isifanye kazi. Kuongeza au kupunguza pleti kunabadilisha pembe hii kwa sababu springi ikinyooka ncha zake hutanuka.

Tairodi ikae nyuma ya ekseli. Mikono ya spindeli imeelekezwa ndani ili mstari kutoka kingpini kupitia boli ya tairodi uelekee katikati ya ekseli ya nyuma. Ndio unaofanya tairi la ndani likate zaidi kwenye kona. Ukihamisha tairodi mbele bila kubadilisha mikono hiyo, tairi moja litaburuzwa kila kona. Kwa ekseli iliyoshushwa tairodi mara nyingi hugonga wishboni, na hapo utahitaji mikono ya spindeli iliyoshushwa pia.

Shokapu za bomba zisilale mno. Zikiinama digrii 30 kutoka wima zinabaki na robo tatu ya kazi yake, na zikifika 45 zinabaki na nusu. Bila madigadi kishawishi cha kuzilaza zisionekane ni kikubwa, na gari linaishia kudundadunda kama mpira.

Vipimo na magonjwa

Kasta digrii 5 hadi 7, sawa pande zote mbili ndani ya nusu digrii. Kemba, mwinamo wa tairi ukilitazama gari kwa mbele, haibadilishwi kwenye ekseli nzima isipokuwa kwa kuikunja baridi kwenye mashine, na nusu hadi digrii 1 chanya inatosha. Matairi yaelekee ndani kwa mbele milimita 1.5 hadi 3, ukipima kwenye kimo cha habu baada ya kulisukuma gari mbele mita mbili, si nyuma.

Gari likivuta upande, usikimbilie kasta. Pima kwa uzi kutoka kila pachi hadi ekseli ya nyuma, kisha mshazari. Ekseli iliyofungwa milimita 6 kombo inavuta hata kasta ikiwa kamili. Likitangatanga barabarani na usukani haurudi baada ya kona, kasta ni ndogo. Usukani ukiwa mzito ukiegesha lakini shwari barabarani, kasta imezidi.

Magurudumu yakitetemeka ghafla, watu hukimbilia kufunga shokapu ya usukani. Kabla ya hapo inua mbele, shika tairi juu na chini, lisukume. Ukisikia mlio wa kingpini au boli, chanzo ni hicho. Baada ya hapo kagua balansi ya tairi, mwelekeo wa mbele, pembe ya shakeli, na kasta, maana hata kasta nyingi mno huleta mtetemo. Shokapu ya usukani huficha ugonjwa hadi siku itakapochoka yenyewe.

Kabla ya safari ya kwanza, kila nati ya usukani iwe na taji na spilitipini mpya, na kila ncha yenye uzi iingie angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake. Tembea kilomita 20 kwa mwendo wa mjini, rudi, kaza yubolti za springi ambazo hakika zitakuwa zimelegea, kisha upake mstari wa rangi nyeupe kutoka nati hadi chuma. Baada ya kilomita 200 angalia mistari hiyo: iliyovunjika ndiyo nati iliyosogea.